Zohali Juu ya Paa la Maabara

Jumatatu, 3 Novemba

Miaka kumi na tisa naosha chupa za maabara ya shule hii, na leo hatimaye mlango umefunguka! Mkuu wa shule amebandika tangazo: chumba kipya cha sayansi kinatafuta msimamizi. Atakayeleta kazi bora kuhusu anga, mbele ya mkaguzi wa elimu siku ya Ijumaa, ndiye atakabidhiwa funguo. Chumba chenye dirisha. Kiti chenye mgongo. Mimi kwa sasa nakalia ndoo iliyopinduliwa.

Mpinzani ni mmoja tu, mwalimu wa fizikia. Namwita Bi Rula, maana hata akikusalimu unahisi umepimwa. Kaajiriwa juzi, na tayari watu wanamwamkia yeye kwanza.

Nimemwambia mke wangu kwamba cheo ni changu. Akauliza nimeambiwa na nani. Mtu hawezi hata kufurahi kwenye nyumba yake.

Jumanne, 4 Novemba

Darubini ya shule naitunza mimi. Yaani naifuta vumbi. Jana magharibi nilipanda nayo kwenye paa la maabara, nikaegesha simu kwenye kioo chake, nikaipiga picha sayari ya Zohali, ile yenye pete. Imetoka kama tone la maziwa kwenye koti jeusi. Pete hakuna.

Leo nikahamia kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu. Nikaandika: picha za nyota. Wakaja waimbaji na wachezaji mpira. Nikaandika: nyota za juu. Akaja bwana mmoja mtabiri, anasema waliozaliwa mwezi wangu wajihadhari na tamaa wiki hii. Mjinga. Nikaandika: Zohali.

Lo! Hazina nzima! Maelfu ya picha, zimewekwa na shirika la vyombo vya anga, bure, kila mtu achukue. Nilikaa pale saa tatu nzima. Nikaipata moja: Zohali imekonda kama mwezi mwandamo, pete zimepita katikati kama upanga. Naona aibu kuandika hili, lakini machozi yalinilenga.

Chini wameandika utumie upendavyo, mradi utaje ilikotoka. Nikakata sehemu ya chini. Sasa nitaje nini, na hakuna kilichoandikwa?

Jumatano, 5 Novemba

Picha imechapwa, kubwa kama mlango, na imetundikwa ukumbini. Nimeandika: Imepigwa na mhudumu wa maabara, juu ya paa la maabara.

Binti yangu, aliye kidato cha pili hapahapa, ameiona. Mwaka mzima amekuwa akinipita uani kama hanijui, kwa ajili ya koti langu lenye madoa. Leo kawavuta wenzake kwa mikono: "Baba yangu ndiye aliyeipiga!" Akaomba nakala ndogo, akaibandika kwenye jalada la daftari lake. Nikafikiri nimwambie ukweli. Nilifikiri dakika nzima. Kisha akanishika mkono mbele za watu, na wazo likanitoka.

Bi Rula amebandika picha kumi na mbili, zote za mtandaoni, na chini ya kila moja kaandika ilikotoka. Kujianika namna hiyo! Alisimama mbele ya Zohali yangu muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu kama nina hakika na maelezo yale, kwa sababu bado kuna nafasi ya kuyabadilisha. Wivu mtupu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mkaguzi kaja. Mzee mfupi, miwani minene. Kumbe alifundisha fizikia miaka thelathini! Hakuna aliyenionya.

Alipita picha zote haraka. Kwenye yangu akasimama.

"Nzuri sana. Ulisimama wapi ukiipiga?"

"Juu ya paa, mheshimiwa. Lile pale."

Akavua miwani. Akaeleza, bila hata kupandisha sauti, kwamba ukiwa duniani unaiona Zohali uso wake wote ukiwa na mwanga, siku zote. Ili uione imekonda vile, lazima uwe umeshaipita na unaitazama kwa nyuma.

"Paa lenu, bwana, liko mbali kidogo."

Ukumbi ukalipuka. Mkuu wa shule alicheka mpaka akashika meza. Hata mpishi, ambaye hajui Zohali ni nini, alicheka. Bi Rula hakucheka. Akasema kuichagua picha ile kati ya maelfu nako ni jicho, si kila mtu analo. Kunionea huruma hadharani! Hilo simsamehi.

Binti yangu naye hakucheka. Alikuwa ameinama, anabandua kitu kwenye jalada la daftari, kwa ukucha, polepole.

Funguo kapewa Bi Rula.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemweleza binti yangu kwamba watu wazima wana mambo yao. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, ungeandika tu kwamba wewe ndiye uliyeitafuta ukaipata. Mimi ningewaonyesha vilevile."

Akachukua sahani, akaenda kuziosha. Mke wangu ananitazama tu. Ilibidi niseme jambo. Nikasema mboga haikuwa na chumvi.

Jumatatu, 10 Novemba

Wanafunzi wamenipa jina: Nyuma-ya-Zohali. Walimu wawili nao wameshalishika.

Bi Rula kaja maabara, kakosa pa kukaa, kasimama. Anataka nimtafutie picha za anga za kujaza chumba kipya kizima, na jina langu liandikwe ukutani kuwa mimi ndiye mtafutaji. Nimemjibu kwamba nina shughuli. Mimi niwe kibarua wake!

Jumatano, 12 Novemba

Nimelichambua kosa langu siku tano, na leo nimelipata. Zohali iko mbali mno! Pale ndipo nilipoteleza.

Mwezi ujao kuna maonyesho makubwa ya picha za anga, mtu alete aliyoipiga mwenyewe. Safari hii nimetulia. Nimechukua Mwezi. Mwezi uko karibu, kila mtu anauona, nani atauliza maswali? Na kwa kuwa uso wake umeshazoeleka, nimepata mtandaoni picha ya upande wake wa nyuma, ule ambao maelezo yanasema hautugeukii kamwe. Kitu kipya kabisa!

Nimeandika chini yake: Imepigwa uani kwangu. Binti yangu sijamwambia. Nataka aione ikiwa imeshatundikwa.