Bawa la Kushoto la Joka

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Siku mbili zimebaki! Jumamosi ndiyo tamasha la wapenzi wa gemu na hadithi za majoka, ukumbini Kijenge. Mshindi wa mavazi anapewa jukwaa dakika kumi asome hadithi yake. Riwaya yangu ina sura kumi na nne na hajaisoma mtu, hata mama. Nikikosa jukwaa hili nitazikwa nayo.

Tatizo ni Reginald, mwenzangu wa klabu. Ametengeneza joka. Mabawa ni ya vyuma vya miavuli, yanafunguka na kujifunga! Mimi nitakuwa mchawi wa msituni, na nina shuka la kijani tu.

Nikajitolea kupanga viti ukumbini. Joka lilikuwa stoo, peke yake. Nikachukua bawa la kushoto nikalisukumia nyuma ya pazia la jukwaa. Sijaiba. Nimehamisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Reginald kapiga simu mara nne kuuliza kama nimeliona bawa. Nikampa pole, nikakohoa mno. Sijui alisikia nini kwenye kile kikohozi.

Shuka peke yake halimtoshi mchawi wa msituni. Nimekwenda Tengeru kwa shangazi Anaeli, nikakata majani marefu ya masale kwenye ua wake. Shikamoo nimetoa nikiwa nimeshakata. Akauliza nimemkosea nani. Nikamwambia sijamkosea mtu, ni mambo ya gemu tu. Akaguna. Mimi nimekulia mjini, Lemara; Machame, kwetu Uchagani, naenda Desemba, nakula, narudi.

Jumamosi, 16 Agosti

Aibu. Aibu tupu.

Niliingia nimejaa masale hadi kichwani, jani moja refu mkononi liwe fimbo ya uchawi. Reginald alikuwa kakaa pembeni na bawa lake moja, macho mekundu. Nikaona nimfuate nimpe pole, watu waone nina utu. Nikamnyooshea ile fimbo.

Watu wakageuka. Nusu ya watu mle ni Wachaga, Reginald akiwemo, na inaelekea ni mimi peke yangu nisiyejua: Mchaga akikuletea jani la masale amekuja kukiri kosa na kuomba msamaha. Na humkatalii. Reginald alilitazama jani, halafu akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe, Elimringi."

Ningekana, ila ukumbi mzima ulikuwa unatutazama. Nikaonyesha pazia kwa kidole.

Akalipokea jani. Akasema yameisha. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Joka likashinda, mabawa yote mawili. Kisha yule bwana akanigawia dakika tano za jukwaa lake! Nimesoma sura ya kwanza, karatasi ikichakacha kwenye maiki. Walisikiliza. Dada mmoja akauliza sura ya pili ataipata wapi. Nilitaka kulia.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimewaza sana. Dakika tano ni chache. Angekuwa amenisamehe kweli angenipa saba.

Leo Reginald amenifuata hadi nyumbani. Kamati imempa usimamizi wa mavazi ya mwakani, naye ameniteua mimi nitunze ufunguo wa stoo. Anasema mtu aliyekiri mbele ya ukumbi mzima ndiye wa kuaminiwa. Nilishindwa hata kumaliza chai.

Ameshaanza kujenga farasi. Nimepita stoo kumtazama, kuhakikisha tu yuko salama. Ana miguu minne. Mmoja ukikosekana, sidhani kama Reginald atagundua.