Nimefika Ukweni Mwezi Mmoja Kabla ya Siku

Jamani, leo aibu imenikuta nimevaa suti.

Mnajua nilikuwa naenda kujitambulisha kwa kina Kiden, mchumba wangu, kule Lurujo. Kaka yake, Taban, alinitumia ratiba, nami nikaifungua kwenye kompyuta yangu. Kwa kuwa mimi ndiye fundi wa kompyuta wa Mvara nzima (cheo nilijipa mwenyewe), nikaipamba. Nikatia rangi, nikachora mistari, nikafanya tarehe isomeke kwa jina la mwezi. Ikatoka safi: 5 Aprili. Nikawatumia ndugu zangu wote. Kiden sikumwambia siku wala saa ya kuondoka. Nilitaka kumshangaza.

Nimemshangaza!

Tumefika na pikapu, mbuzi, kuku, na mashangazi wa vitenge vya sare. Uwanja mtupu. Hakuna hema, hakuna kiti. Mama mkwe alikuwa anatoka shambani, matope hadi magotini. Kutuona tu, akatupa jembe akakimbilia ndani. Baba mkwe alikuwa kifua wazi, anapigilia misumari banda la kuku. Baba mdogo Andama, msemaji wetu, hakuona tatizo. Akaanza hotuba.

"Ngoja kwanza," baba mkwe akasema. "Hii watu yote iko natafuta nani?"

Kiden akachungulia dirishani, kichwa nusu kimesukwa. "Wewe! Si mwezi ujao?"

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikaiweka kompyuta juu ya boneti, nikatangaza mbele ya koo mbili: "Kompyuta haidanganyi!"

Taban akaja na simu yake. Yeye aliandika 4/5. Tarehe nne, mwezi wa tano, kama sisi sote tunavyoandika. Lakini kompyuta yangu ya mtumba imewekwa Kiingereza cha Marekani, na kule mwezi hutangulia. Ikasoma mwezi wa nne, tarehe tano. Nami nikaipaka rangi!

Shangazi yangu (yangu mwenyewe!) akauliza kwa sauti, "Huyu ndiyo fundi?"

Nikajua Kiden nimemkosa. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana mdomoni. Baba mkwe akanitazama weee. Halafu akacheka mpaka akashikilia banda.

"Bwana ya binti yangu ya kwanza alichelewa, tukangoja mpaka jua iliingia. Huyu iko nakuja mwezi moja mbele! Huyu iko nataka muke kweli. Mama Taban, toka, vaa nguo mzuri. Mbuzi ishuke!"

Majirani wakaleta viti. Mama mkwe akatoka ameng'ara, akatupikia ugali wa muhogo tukala hadi tukafungua vifungo. Kiden akaulizwa mbele ya wote kama ananitaka. Nywele nusu zimelala, nusu zimesimama, mzuri kupita siku zote.

"Namtaka," akasema. "Lakini tarehe ya harusi nitaandika mimi."

Vigelegele!

Kwa hiyo, kabla hamjaiamini kompyuta, iulizeni kwanza inatoka nchi gani. Na anayetaka kucheka acheke polepole. Sasa mimi ni mkwe wa watu.