Wafuasi Elfu Moja Kabla Jackton Hajafika na Pikapu

Jumatatu, 17 Novemba

Jackton amepiga simu kutoka Vihiga. Nyumba yangu imeisha! Mabati mekundu, sebule kubwa, choo ndani. Anakuja na pikapu Jumapili ya tarehe thelathini kunichukua. Hakuniuliza mimi. Amemwambia dada yake Everlyn, kana kwamba mimi ni kabati.

Huyo mtoto nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili, nampenda, na siendi. Nikienda, nani atampikia Everlyn? Mtu anatoka kazini mjini, anakula mkate mkavu akiwa amesimama kama anayefukuzwa. Hapa Kinoo, mimi ndiye ninayemkalisha mezani. Siwezi kumwambia hivyo, atalia.

Nikasema siendi kwa sababu nina kazi. Everlyn akauliza kazi gani, Mama? Nikasema chaneli. Ya video. Kama ya Waceke! Waceke, yaani Mama Mbugua, ndiye mwenye nyumba wetu, anakaa pale chini. Ana watu elfu tatu wanaomfuata kwenye simu wamwone akiongea na kuku.

Everlyn akacheka mpaka akatafuta kiti. Akasema haya, chaneli yako ikipata wafuasi elfu moja kabla ya tarehe thelathini, utabaki, na Jackton nitamwambia mwenyewe. Elfu moja tu? Harusini kwangu walikula zaidi ya hao.

Amenifungulia. Jina: Jiko la Rael.

Naandika haya kwenye daftari langu la gumbaru, yale masomo ya watu wazima. Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nilipewa kanisani nikiwa na miaka hamsini na miwili, na sitaki zilale bure.

Jumanne, 18 Novemba

Video ya kwanza! Mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Nimeeleza kila kitu: kuchambua, magadi, na kutokoroga kama mtu wa simiti. Nimesema pia maneno machache kwa wanawake wanaonunua mboga iliyokatwa na watu wasiowajua. Dakika arobaini na moja.

Jioni: wafuasi sufuri.

Everlyn ametazama. Anasema simu ilikuwa ikitazama dari. Dakika arobaini na moja za dari! Kiwiko changu kimepita mara mbili. Nimemwambia dari yenyewe ni safi, mimi ndiye huipanguza.

Alhamisi, 20 Novemba

Wafuasi sita. Mmoja Everlyn. Wa pili mimi.

Nimeshuka kwa Waceke kupeleleza. Nimebeba bakuli la mrenda ili isionekane nimeenda kupeleleza. Nikamuuliza kama mzaha tu, Mama Mbugua, hii chaneli yako ilichukua wiki ngapi kufika elfu? Akacheka mpaka kuku wakakimbilia ukutani. Wiki, Mama Everlyn? Miaka miwili! Video kila wiki, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Na mimi nina kuku, akaongeza, kuku wanapendwa. Wewe unagombeza watu.

Miaka miwili! Maharagwe ni miezi mitatu. Mtoto mzima, na kucha zake, ni miezi tisa. Huyu mama ananificha siri.

Bakuli langu amebaki nalo.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeenda Ngara kwa Musembi, yule kijana wa vifaa vya simu. Amesikiliza shida yangu kama daktari. Amesema shosho, yaani bibi, wewe huna shida, una giza. Amenipa taa ya mviringo, kama sufuria iliyotoka kitako. Nimemwambia anifuate kwanza ndipo nimlipe. Nilimshika mkono mpaka akabonyeza.

Nimewasha taa jikoni, nikapika omena, wale dagaa wa ziwani. Nimetokea mweupe kama aliyefufuka. Mtu mmoja ameandika chini ya video: poleni kwa msiba. Mwingine ameuliza mazishi ni lini.

Wafuasi kumi na wawili.

Jumatatu, 24 Novemba

Akili! Kwani watu wa harambee huwapataje watu? Kwa daftari. Mtu akishaandika jina lake mbele ya wenzake, hana pa kukimbilia.

Nimeketi Dagoretti Corner tangu asubuhi, kando ya Omollo fundi viatu. Kila aliyepita: jina na sahihi. Aliyesema ana haraka nilimuuliza mama yake anatoka wapi, akapunguza haraka. Omollo amejiandikisha mara mbili, lake na la marehemu baba yake, maana anasema mzee alipenda sana mboga.

Watu mia moja sitini na watatu!

Jioni nikamwekea Everlyn daftari mbele ya sahani. Akafunga macho. Akasema Mama, chaneli haisomi daftari, lazima kila mtu abonyeze kitufe kwa simu yake. Nikamwambia basi hiyo chaneli haina adabu. Mtu ameshatia sahihi, inataka nini tena, mzazi?

Jumanne, 25 Novemba

THELATHINI NA SITA! Jana kumi na wawili, leo thelathini na sita! Ishirini na wanne kwa siku moja! Watu wa Dagoretti Corner wana heshima. Omollo nitampelekea uji.

Lakini elfu bado iko mbali, na siku ni tano. Kesho tuna ushirika wa akina mama kwa Lornah, mwenyekiti wetu. Mimi ndiye mlinzi wa kikapu. Maombi yakianza, simu zote huingia kikapuni ili zisilie katikati ya Baba Yetu. Simu ishirini na nne. Hakuna yenye kufuli, kwa sababu sote husahau namba za kufungulia.

Nimepata wazo. Mungu anisamehe mapema.

Jumatano, 26 Novemba

Walipofumba macho, mimi nikafumbua.

Chaneli niliituma kwenye grupu letu la ushirika wiki jana. Kwa hiyo ni rahisi: fungua grupu, gusa chaneli, bonyeza kitufe, simu inayofuata. Kila simu iliniuliza kitu kwa Kizungu. Nikakubali. Ukiulizwa kwa upole unakubali.

Lornah huomba nusu saa. Siku nyingine hunikera, leo ilikuwa baraka. Alipofika kwa wagonjwa nilikuwa simu ya kumi. Alipoombea mguu wangu mbovu, nikiwa ya kumi na nane, nilisema amina kwa sauti ili wasishuku. Nimemaliza zote!

Nimerudi nyumbani mbio, mguu na ubovu wake. Nimefungua. Kumi na wawili.

KUMI NA WAWILI!

Alhamisi, 27 Novemba

Lornah amekuja. Hakukaa, na chai alikataa. Nikajua kuna mambo.

Kumbe walikuwa wao! Jumatatu jioni aliwaamuru akina mama wote ishirini na wanne wanifuate, kimyakimya, wakitaka kunifurahisha. Hakuna mtu wa Dagoretti Corner aliyebonyeza chochote. Na hicho kitufe, mtu akiwa tayari anakufuata, ukikibonyeza kinamwondoa. Nimewafukuza mmoja mmoja, huku wakiniombea mguu! Nimejulikanaje? Simu ya Lornah ilitoka kikapuni ikiwa bado iko wazi kwenye uso wangu.

Nikamwambia si neno, waambie wabonyeze tena. Akasema Rael, wewe kwanza usimame mbele ya ushirika uombe msamaha. Nikasema niombe msamaha wa nini, mimi nilikuwa nawasaidia. Akasema basi wamesusa, na kikapu chake nikirudishe.

Siku tatu. Nimekunja gauni mbili nikazitia begini. Nikazitoa. Nikazitia tena.

Jumapili, 30 Novemba

Jackton amefika saa nne na pikapu na kamba. Kamba! Amekonda. Nimemlisha kwanza, maana hata anayekuja kukubeba humwachi na tumbo tupu, na yeye ni wangu.

Alipomaliza kula, Everlyn akafungua simu mbele yetu akasoma. Kumi na watano.

Nikainuka nikaenda kuchukua begi. Sikutaka waone uso wangu. Chumbani nikalitazama lile begi, nalo likanitazama.

Ndipo nikamsikia Everlyn. Anamwambia Jackton kwamba mtu haondolewi kazini kazi ikiwa katikati. Wewe ungekuwa juu ya ngazi unaezeka, nikuvute miguu? Mama abaki mpaka chaneli yake ifike elfu. Ikifika, mchukue siku hiyohiyo. Hakurudi nyuma hata hatua moja, binti yangu.

Jackton akauliza hiyo ni lini sasa, mwezi wa pili?

Hapo hodi. Waceke! Amerudisha bakuli, siku kumi! Wakamuuliza yeye, mtaalamu: chaneli mpya hukua kwa muda gani? Akanitazama mlangoni. Akatazama begi langu. Akawaambia kwa kuku, miaka miwili. Kwa mama huyu, anayewatukana watazamaji wake kabla hawajakaa, andikeni mitano.

Mabaya yote niliyomwombea huyo mama, nayafuta. Isipokuwa lile la bakuli.

Jackton akakuna kichwa. Akasema haya, mabati hayaendi popote. Ameondoka na kamba yake na chapati kumi na mbili, na amenikumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

Everlyn amekula ugali na mrenda, sahani mbili. Ameketi. AMEKETI!

Jumanne, 2 Desemba

Nimefikiri nikiwa nachambua mboga, kisu kikaniponyoka. Kumbe ikifika elfu, NAENDA! Mbona hakuna aliyenionya?

Nimefungua simu haraka. Kumi na sita! Kuna mtu mpya! Ni nani huyu adui? Mchana Musembi amepiga akijisifu: shosho, nimekuletea binamu yangu. Nimemwambia amrudishe alikomtoa.

Lazima nipunguze watu kabla hawajazoea. Na dawa ninayo. Kile kitufe! Si Lornah mwenyewe alisema ukikibonyeza kinaondoa mtu?

Jumatano, 3 Desemba

Kikapu cha simu nilinyang'anywa. Sasa hakilindwi na mtu, huwekwa tu jikoni wakati wa maombi. Na huko jikoni, mpika chai ni nani? Wamenisusa mimi, chai yangu hawajaisusa.

Nimebonyeza zote ishirini na nne, polepole, kwa utulivu. Safari hii hata hazikuuliza kitu. Zimeshanizoea.

Nilipofika tu nyumbani Lornah akapiga, analia kwa furaha. Ati akina mama wameona nimewarudisha wote kwa mkono wangu mwenyewe, na wamesema huo ni msamaha wa vitendo, umepokelewa. Nikamshukuru. Sijui anazungumza nini, mama wa watu, ni uchovu wa kuomba sana.

Nimefungua nione nimebaki na wangapi.

Arobaini!

Hii mashine ni mbovu. Jumatano ijayo kila simu naibonyeza mara mbili, ikae vizuri.