Mlango wa Bustani Utazame Kwangu

Jumatatu, tarehe 9 Septemba
Mvua tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni. Siku kubwa hata hivyo. Kile kiwanja cha mbuzi kati ya duka langu na kibanda cha chai cha Hamisi kitakuwa bustani ya kweli, yenye viti, maua na ukuta. Éliakim, yule tajiri mwenye malori ya mpakani Kasindi, ametoa simenti. Shirika fulani limetoa pesa za choo cha watu wote. Wakaaji wa mtaa watatoa mawe na mikono yao kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Mimi nimetoa mawazo.

Mama Agar, mkubwa wa kamati, ametangaza kwamba ukuta utakuwa na mlango mmoja tu, na utawekwa pale watu wanapopita kwa wingi. Atazunguka wiki nzima kuangalia. Akaongeza habari ya shimo la takataka, kwamba litachimbwa mahali pasipopita mtu, lakini hapo nilikuwa nimeacha kusikiliza. Shimo halinihusu. Mlango ndio unanihusu. Ukitazama kwangu, nitauza soda za sucré baridi na mikate mpaka nizeeke. Ukitazama kwa Hamisi, nitafunga duka na kurudi Masereka kulima viazi kwa baba mkwe, ambaye mpaka leo hajanisamehe kumwoa binti yake.

Shida ni moja. Watu wote hupita kwa Hamisi, kwa sababu ya chapati. Mtaa wa walafi.

Jumanne, tarehe 10
Nimekodi jenereta na spika kubwa. Muziki tangu asubuhi, na kuchaji simu ni bure. Mke wangu Jokébed aliuliza petroli inalipwa na nani. Nikamweleza kwamba huu unaitwa uwekezaji. Akasema kwao unaitwa wazimu.

Waliovutwa na muziki: wanafunzi wawili na mbuzi wa Hamisi. Mbuzi amekula maua ya Jokébed.

Jumatano, tarehe 11
Akili mpya! Nimekwenda kwa Salomon, kiongozi wa vijana wa pikipiki pale kona. Nikamwambia wakate kiwanja kwa upande wangu, njia ni fupi, na kila asubuhi kuna mkate wa bure. Aliniuliza naumwa nini. Kisha akala mikate miwili akiwa bado kwenye pikipiki.

"Patron, sisi tutapita," akasema. "Lakini mikate isiishe."

Alhamisi, tarehe 12
Ushindi! Pikipiki zinapishana mbele ya duka kutwa nzima. Nyuma yao wamama wa soko na mizigo ya mboga za poireaux, nyuma yao wateja wao. Njia imekanyagwa mpaka majani yamekufa. Hakuna aliyenunua kitu, lakini hilo litakuja.

Hamisi mwenyewe alivuka kiwanja na sahani ya chapati. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Nani alikufaka?" Alidhani umati ule ni wa matanga. Nikamwambia hajafa mtu. Akaniachia chapati vilevile. Zilikuwa tamu, na hilo limeniharibia jioni.

Mama Agar naye alipita, akasimama kitambo. "Kweli, hapa njo batu banapitaka mingi." Ilibaki kidogo nimkumbatie.

Jumamosi, tarehe 14
Salongo. Mtaa mzima na majembe. Mimi nilivaa suti na tai, ili nisije nikashtukizwa na hotuba ya shukrani.

Mama Agar akatangaza. Mlango utakuwa kwa Hamisi, kwa sababu upande wangu pikipiki ni nyingi na bustani ni ya watoto. Upande wangu kutajengwa choo, kwa kuwa lile shirika linataka choo kiwe penye watu wengi.

"Aksanti, papa Gamaliel," akasema mbele ya wote. "Bila weye tungetafuta fasi ya choo mpaka mwaka kesho."

Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa. Ukishavaa tai huna namna nyingine. Moyoni nililia.

Jumapili, tarehe 15
Kanisani mchungaji alimshukuru Mungu kwa choo changu. Jokébed alificha uso ndani ya kitabu cha nyimbo, mabega yakitikisika. Nyumbani akanishauri nitulie na niuze sabuni, maana anayetoka chooni hunawa. Wanawake hawaoni mbali.

Nimesikia kamati haitapiga vigingi kabla ya Jumanne. Basi bado! Ikiwa watu wengi wanaleta choo, nitawaondoa watu. Mbinu yangu haikuwa na kosa. Niliigeuza vibaya tu.

Jumatatu, tarehe 16
Muziki umezimwa. Mikate imefungiwa kabatini. Nimewaambia vijana wa pikipiki kwamba polisi wanakagua karatasi mbele ya duka langu, na kwamba Hamisi anagawa chapati bure. Wakatoweka hata bila kuaga. Nikamwaga maji njiani, na juu ya matope nikalaza matawi. Jokébed alikuwa ameshanunua katoni ya sabuni. Nimeificha chini ya kitanda.

Jumanne, tarehe 17
Ushindi kamili! Kwangu hapiti hata kuku. Kwa Hamisi watu wamejazana, naye anaapa kwamba hajagawa chapati yoyote.

Mama Agar alifika na vigingi, pamoja na wanaume wenye sepetu. Aliuliza kama ukimya huu ni wa kila siku. "Mama, hapa hapana mutu anapitaka," nikamjibu. "Hata moja." Akataka niseme tena ili kamati nzima isikie. Nikasema kwa sauti, nikaapa juu ya kichwa cha baba mkwe.

Alifurahi sana. Akasema choo kitakwenda kwa Hamisi, karibu na mlango, na lile jambo la pili alilotangaza siku ya kwanza sasa limepata mahali pake. Akapiga kigingi hatua chache tu kutoka kizingiti changu. Sikuuliza jambo la pili ni lipi, nisionekane mwenye tamaa.

Wanachimba mpaka sasa, na wanachimba kwa kina hasa. Kiti cha bustani hakihitaji msingi wa namna hiyo. Nadhani ni sanamu. Jokébed anakusanya nguo zake, anasema anakwenda Masereka kumsalimu baba yake. Nimemwomba kwanza anipigie tai pasi.