Reli Iliyonyooka Kuliko Zote

Jumatatu, 6 Mei

Reli imefika! Chuma kitupu, inang'aa, imenyooka kuliko tabia yangu. Kazi yake ni moja tu: unapopasua ubao kwenye msumeno wa meza, ubao unaiegemea, unatoka umenyooka. Mke wangu ameuliza kama ile ya zamani ilikufa. Nimemjibu kwamba mwanamume haendi vitani na upinde wa babu yake. Akanikumbusha kuwa mama yake anakuja Jumamosi kuliona kabati lake, alilolingoja tangu mvua za mwaka jana. Kisha akasema neno lililonikata hamu ya kula: "Kabati lisiposimama Jumamosi, msumeno huu unauzwa, na kazi anapewa Milimita."

Milimita! Seremala wa ng'ambo ya barabara. Tumempa jina hilo kwa sababu penseli yake haijawahi kuwa butu. Hajanikosea kitu. Namchukia bure tu.

Jumanne, 7 Mei

Karatasi ya maelekezo inasema reli iwe sambamba na diski ya msumeno. Nimeikunja, nikaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba. Ya nini kusoma, na reli iliyofungwa sawasawa ipo ng'ambo ya barabara? Nimeenda kwa Milimita nikijifanya naazima spana. Alipogeuka tu, nikapima nafasi ya reli yake kwa kamba niliyoichomoa kwenye suruali yangu ya kulalia. Ujasusi wa hali ya juu! Nyumbani kamba inatoa jibu jipya kila nikiivuta. Kumbe lastiki. Sasa sina kipimo wala suruali ya kulalia.

Jumatano, 8 Mei

Nimerudi kwenye futi yangu ya utepe. Mbuzi wa shangazi aliitafuna sentimita ya kwanza, kwa hiyo inaanzia moja. Mimi nimeizoea: nikitaka ishirini, nasoma ishirini na moja. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimemwita mke wangu apime upande wa nyuma, mimi nikapima mbele. Nikamwambia reli ikae sentimita ishirini kutoka kwenye diski. Yeye akasoma ishirini, mimi nikasoma ishirini na moja, tukakaza bolti. Kazi safi. Habari za mbuzi sikumwambia. Mke wangu na shangazi hawaivi chungu kimoja.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa! Ubao wa kwanza umeingia vizuri, ukafika nyuma, ukabanwa kati ya reli na diski, ukapiga yowe, ukarudi mbio. Umenipita ubavuni, ukatoka dirishani nyuma yangu, ukavuka barabara, ukaingia kwa Milimita. Ameurudisha akiwa ameubeba kwapani, akauliza kwa adabu kama ni wangu. Nimekana. Jina langu limeandikwa juu yake kwa chaki.

Nimeishuku sakafu. Nimeweka matofali chini ya meza. Ubao wa pili umepita dirisha lilelile.

Ijumaa, 10 Mei

Mke wangu amemwita Milimita bila kunishauri. Nimekaa naangalia dari. Jamaa hakutoa hata futi! Alichomoa waya wa umeme, akatia chaki jino moja la diski, akakata kijiti kikaenea kati ya jino hilo na reli, upande wa mbele. Akazungusha diski mpaka jino lilelile likafika nyuma, akasogeza kijiti. Hakikupita. Akalegeza bolti, akairudisha reli, kikapita. Basi, kwisha.

Kisha akaokota futi yangu, akaitazama ncha, akauliza nani alipima wapi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Milimita akanishauri niitupe ninunue nyingine. Wivu huo. Nimepasua mbao zote za kabati, kila moja imenyooka. Imeniuma sana.

Jumamosi, 11 Mei

Kabati limesimama! Milango inafunga bila kusukumwa na goti. Mama mkwe amelizunguka, ameligonga, ametafuta kosa akalikosa. "Mwanangu," akasema, "kumbe wewe ni fundi." Machozi yakanilenga. Mke wangu akaanza kumtaja jirani, nikapatwa na kikohozi kikali. Msumeno hauuzwi. Mama mkwe anataka na kitanda. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Jumapili, 12 Mei

Maneno ya Milimita yamenikaa rohoni. Niitupe futi yangu kwa sababu ya mbuzi? Nimewaza, nikaona tatizo lenyewe: imepungua upande mmoja tu, haina usawa. Nimechukua mkasi, nikakata sentimita moja upande wa pili. Sasa iko sawa kabisa.

Kuhakikisha, nimeipima reli upya. Mbele nimesoma kwa mazoea ya zamani, nyuma kwa usahihi mpya. Nilijua tu! Milimita alikosea sentimita nzima. Nimelegeza bolti, nikairekebisha kimyakimya, nisimwaibishe mwenzangu.

Kesho napasua mbao za kitanda. Mama mkwe anataka kunitazama nikifanya kazi. Nimemwekea kiti pale nyuma yangu, dirishani, penye hewa.