Mzizi Wangu Waenda Maabara

Jumatatu, 4 Machi
Mpwa wangu, binti wa dada, kanijia mwenyewe. Anasomea shahada ya pili, anapima mitishamba kwenye maabara ya chuo. Kataka unga wa mzizi wangu wa dawa, ule ninaouchimba nyuma ya bafu. Nilijua tu siku itafika! Kasisitiza niusage mtupu, nisichanganye kitu, maana shahada yake inategemea vipimo hivyo. Nikaapa. Baadaye nikasikia kaomba pia majani ya mpera kwa shemeji, fundi cherehani. Majani ya mpera! Damu ikanichemka. Nikaongeza majani ya chai, konzi moja. Na ugoro kijiko kimoja, ili dawa ichangamke.

Alhamisi, 7 Machi
Nimealikwa maabara. Koti jeupe limegoma kufunga tumboni. Mafundi wa siku hizi! Mpwa kaeleza: kuna maji ya zambarau. Dawa yenye uwezo wa kuzuia kutu ya mwili, yaani kuchakaa kwa seli, inayapausha. Ya shemeji ikapausha kwa kujivuta. Yangu ikayageuza njano papo hapo, kama yameona askari. Mtaani nimesimulia kwamba profesa alisimama kwa heshima. Kusema kweli, alikuwa amesimama tangu mwanzo.

Jumanne, 12 Machi
Simu ya mpwa. Dawa yangu imewekwa kwenye seli, zote zimekufa. Zote! Za mpera ziko salama. Nikapita kwa shemeji kumtangazia kwamba majani yake hata kuua hayajui.

Nilipofika maabara kupokea pongezi, nikamkuta mpwa macho mekundu. Kasema, "Mjomba, hizo ni seli nzima, kama za ini lako. Dawa haitakiwi kuziua."

Profesa kamwagiza aandike kwamba mzizi ni sumu. Akiandika hivyo, siku mtu akirudia kipimo, atakayeumbuka ni yeye. Moyo ukanisuta. Nikasema huenda upepo ulipeperusha ugoro kidogo.

Kauliza upepo huo ulipima kwa kijiko gani.

Nikasema cha chai.

Nilitegemea matusi. Kacheka mpaka akakaa sakafuni.

Ijumaa, 22 Machi
Siku kumi karudia kila kitu, kwa mzizi aliouchimba kwa mikono yake. Mimi nilisimama mbali, mikono mifukoni. Amri yake. Majibu: rangi imepauka kidogo, kumbe njano ile ilikuwa kazi ya majani ya chai; seli zote hai. Mpera umeshinda. Shemeji anatembea kama waziri.

Profesa alitaka nisitajwe popote. Mpwa kakataa, kaniweka kwenye shukrani za tasnifu yake: "Kwa mjomba wangu, aliyesema kweli." Nimeusoma mstari huo mara sita. Mke wangu kaniuliza kama nalia. Vumbi tu. Mtaani nimesema kitabu kizima kinanihusu.

Mwezi ujao anataka majani ya mlonge, yenyewe matupu. Nimeapa. Ugoro sithubutu tena, mimi si mtoto. Pilipili manga tu, nusu kijiko.