Malalamiko Kuhusu Dawa Iliyomwamsha Nanyama

Nyalenda, Kisumu

Kwa Daktari Aoko, Kliniki ya Watoto

Daktari,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Wechuli wa Bungoma, kibarua wa kubeba zege hapa Kisumu, baba wa Nanyama, yule msichana wa miaka minane uliyesema tezi yake ya shingoni ni mvivu, ukampa tembe za kumeza kila asubuhi. Sasa yuko kwa nyanya yake Bungoma kwa likizo ya shule, ndiyo maana nimepata utulivu wa kuandika. Nalalamika hivi:

1. Tulikuletea mtoto mtulivu. Alisinzia darasani, akasinzia kanisani, na ploti nzima tunayopanga ikanisifu: "Baba Nanyama, huyu umemlea!" Sasa anaanza kuuliza maswali kabla hajatoka kitandani. Kabla ya likizo alimuuliza mhubiri mbele ya watu kwa nini Nuhu alikubali mbu waingie. Mhubiri akanitazama mimi.

2. Ulisema ameze tembe kwa maji, angoje nusu saa ndipo anywe chai. Kwetu mtu mzima hanywi chai mtoto akimtazama, na chumba chetu ni kimoja. Kwa hiyo tunangoja sote. Nikifika mjengoni nimechelewa, fundi Joram ananiuliza, "Wechuli, leo pia umemeza dawa?"

3. Zamani alikwenda choo mara chache sana. Choo cha ploti ni kimoja, na wapangaji walimpenda kwa hilo. Siku hizi anapanga foleni kama wengine, tena anawaharakisha walio ndani kwa kuwataja majina.

4. Anakua, na hakuna aliyenionya. Nguo alizovaa miaka nenda rudi zimemkataa zote kwa pamoja. Mama Griffins wa mitumba akiniona kwa mbali anaanza kukunjua sketi.

5. Mimi niliishia darasa la tano. Jioni, mgongo ukiniuma, ananipa mtihani wa hesabu. Nikikosa ananiambia, "Usijali, Baba, utaelewa tu."

Kwa hayo yote, naomba upunguze dawa. Sitaki augue. Nataka awe mzima mpaka saa sita mchana, kisha awe mpole. Ikishindikana, basi dawa ipumzike Jumapili, kama mimi. Wazo hili nilimweleza mama yangu kwa simu, akalipenda sana.

Wasalimie wauguzi wote, yule wa mizani, na bawabu ambaye Nanyama alimfundisha kuruka kamba.

Ni mimi, mzazi mwenye usingizi,
Wechuli

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, mke wangu Lorine, aliyekwenda Bungoma kumchukua mtoto, akapiga simu. Mama yangu aliona Jumapili peke yake haitoshi, akazipumzisha tembe siku nyingine zote pia tangu likizo ianze. Nikaomba Nanyama apewe simu, nikamsalimu. Akasema, "Ndiyo, Baba." Nikamuuliza habari za ng'ombe. Akasema, "Ndiyo, Baba," kisha akaomba akalale, na ilikuwa saa nne asubuhi. Daktari, adabu ile ilinitoa jasho. Nimeagiza aanze tena dawa kesho asubuhi, na Jumatatu tutamleta damu ipimwe. Niliyoandika hapo juu yaache. Usipunguze hata chembe. Na siku akikuuliza swali, tafadhali mjibu kwa kirefu, ili apate la kuuliza tena.